Mwani wa Kijani Maabarani, Mfuniko Juu ya Pipa

Uwanda wa juu wa Makonde una mvua, lakini hauna maji. Kauli hii yaweza kumshangaza mgeni, ila mwanafunzi wa Newala au wa Tandahimba hahitaji kufafanuliwa. Mvua ya msimu mmoja, inayoanza mwezi wa Novemba au Desemba na kukoma mwezi wa Aprili au Mei, huangukia udongo wa kichanga unaoyanywa maji mara moja na kuyashusha chini sana, hata juu ya uwanda hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Maji hayo hutokeza tena kwenye chemchemi na mabonde yaliyo miguuni pa uwanda. Kwa vizazi vingi kina mama waliushuka mteremko na kuupanda tena wakiwa na mitungi kichwani. Mradi wa Maji wa Makonde, unaoyasukuma maji kwa mitambo kutoka bonde la Mitema, pamoja na misaada ya Finland iliyotolewa katika mikoa ya Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipunguza safari hizo. Haikuiondoa desturi ya kuweka akiba. Masasi, iliyo chini ya uwanda upande wa magharibi, hupata maji ya chemchemi za Mbwinji; hata huko mapipa na matangi ya maji ya mvua hayajakosa kazi.

Maji yaliyowekwa akiba mahali penye mwanga hugeuka rangi. Kwanza huonekana ukoga mwembamba kwenye kuta za tangi, kisha maji yenyewe huwa ya kijani. Ukijani huo ni mwani mdogo usioonekana kwa macho matupu mmoja mmoja. Na kuhusu mwani huo iko habari ya kisayansi ambayo imeenea vitabuni na magazetini: kwamba mwani wa kijani hutengeneza asidi za mafuta zenye uwezo wa kuua bakteria. Mwanafunzi mwerevu aliyesikia habari hiyo atauliza swali lililo dhahiri. Ikiwa mwani huua bakteria, je, maji ya kijani si salama kuliko maji meupe? Je, kuna haja gani ya kuyachemsha?

Maoni yangu ni kwamba habari hiyo ni ya kweli, na kwamba ni hatari kuifikisha darasani peke yake. Yapasa ifuatane na maswali matatu: ni kwa kiasi gani, ni kwa bakteria gani, na ni nani mwingine atakayedhurika? Mwalimu atakayewazoeza wanafunzi wake kuuliza maswali hayo atakuwa amewapa elimu inayozidi habari yenyewe.

Mwani huu ni mimea gani?

Kwa watu wa pwani, neno mwani ni jani la baharini, lile linalolimwa na kuanikwa juani. Lakini jamaa ya mwani ni kubwa, na ndani yake imo miani ambayo kila mmoja ni seli moja tu. Mmojawapo ni Chlorella, uliopewa jina hilo na mtaalamu wa Kiholanzi, Martinus Beijerinck, mwaka 1890. Seli yake ni ya mviringo, yenye upana wa mikromita 2 hadi 10, yaani seli mia moja au zaidi zaweza kupangwa bega kwa bega katika milimita moja. Wenzake ni Scenedesmus, ambao aghalabu huonekana seli nne zikiwa zimeshikamana katika mstari, na Chlorococcum, unaopenda udongo na kuta zenye unyevu. Miani hii huletwa na upepo, vumbi na miguu ya ndege juu ya paa, kisha mvua huikokota kupitia mifereji hadi tangini. Huko huhitaji vitu vichache tu: maji, chumvichumvi kidogo, hewa ya kabonidayoksaidi na mwanga. Kwa vitu hivyo hufanya usanisinuru kama ufanyavyo mkorosho, hutengeneza chakula chake na kuongezeka.

Tusichanganye mwani wa kijani na viumbe vinavyoitwa mwani wa kijani-buluu. Hivi vya pili, ingawa navyo hufanya usanisinuru, kwa kweli ni bakteria, na baadhi yake hutengeneza sumu kali. Tutarudi kwao.

Habari ilivyoanza

Mwaka 1944, wakati dunia ingali vitani na penisilini ingali adimu, Robertson Pratt na wenzake wa Chuo Kikuu cha California nchini Marekani walitangaza kwamba wameipata katika Chlorella dutu inayozuia ukuaji wa bakteria. Waliipa jina la klorelini. Matumaini yalikuwa makubwa, kwa sababu mwani hukua upesi na hauhitaji shamba. Mwaka 1949 H. A. Spoehr na wenzake wa Taasisi ya Carnegie walieleza asili ya nguvu hiyo: ilitokana na asidi za mafuta zisizokifu, hasa baada ya kupigwa na mwanga na kuungana na oksijeni ya hewa.

Uchunguzi haukukoma hapo. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kijapani waliichunguza miani mingi na kuona kwamba Chlorococcum na Dunaliella, ambao ni mwani wa kijani wa maji ya chumvi, ilikuwa na dutu zinazoweza kuzuia hata bakteria wa Staphylococcus aureus walio sugu kwa dawa ya methisilini. Dutu moja iliyotambuliwa ni asidi ya alfa-linoleniki, ambayo imo pia katika majani mengi ya kijani tunayokula. Maadamu usugu wa bakteria kwa dawa ni tatizo la dunia nzima, na linaendelea kukua, utafiti wa namna hii una heshima yake. Walakini klorelini yenyewe haikupata kuwa dawa ya hospitali. Sababu zake zitaonekana katika maswali yetu matatu.

Kwanza yafaa tuelewe silaha yenyewe. Mafuta ya kawaida ni muungano wa gliseroli na asidi tatu za mafuta. Asidi ya mafuta inapofunguliwa kutoka katika muungano huo, huwa na kichwa kinachopatana na maji na mkia mrefu wa kaboni unaopatana na mafuta. Utando unaozunguka seli ya bakteria umejengwa kwa vitu vya aina hiyohiyo. Kwa hiyo asidi iliyo huru hujipenyeza katika utando, huulegeza, huvuruga kazi ya kutengeneza nishati inayofanyika humo, na hatimaye vilivyo ndani ya seli huvuja. Si jambo geni. Sabuni ni chumvi ya asidi za mafuta, na sehemu ya nguvu yake hutokana na umbo hilohilo la kichwa na mkia. Mafuta ya nazi za Lindi na Mtwara, ambayo karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, yamechunguzwa sana kwa sababu hiyo. Ngozi ya binadamu nayo hutoa asidi za mafuta zinazosaidia kuwazuia vijidudu. Mwani basi hauna uchawi wowote; una kemia ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifahamu.

Swali la kwanza: kwa kiasi gani?

Wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kiasi ndicho kinachoamua kama kitu ni kikubwa au kidogo, na kwa nani. Hebu tufanye hesabu, na mwalimu aweza kuiandika ubaoni.

Tuchukulie kwamba lita moja ya maji ya kijani ina miligramu 20 za mwani, tukiupima ukiwa umekaushwa, na kwamba sehemu moja ya tano ya uzito huo ni mafuta. Tunapata miligramu 4 za mafuta katika lita. Lakini mafuta hayo hayako huru. Sehemu kubwa imefungwa katika tando za seli hai za mwani, au imehifadhiwa humo kama akiba ya chakula. Hata tukikubali kwa ukarimu kwamba sehemu moja ya kumi iko huru majini, tunabaki na miligramu 0.4 katika lita.

Katika maabara, majaribio ya kuzuia bakteria kwa asidi za mafuta mara nyingi huhitaji makumi, na pengine mamia, ya miligramu katika lita. Tukichukua miligramu 40 tu, tunaona kwamba maji yetu yamepungukiwa mara 100. Ili kulijaza pengo hilo, kila lita ingehitaji gramu 2 za mwani mkavu, na pipa la lita 200 lingehitaji gramu 400. Maji ya namna hiyo yangefanana na mchuzi wa kisamvu, wala hakuna mtu ambaye angeyatia mdomoni.

Jambo jingine ni kwamba asidi za mafuta hazidumu huru. Zikikutana na kalsiamu au magnesiamu katika maji, huungana nazo na kuwa utando mweupe usio na kazi. Ndiyo maana sabuni haitoi povu upesi katika maji magumu. Zikiingia katika damu, hunaswa na protini. Hii ni sababu mojawapo iliyofanya klorelini ishindwe kufuata njia ya penisilini: nguvu iliyoonekana katika chupa ya maabara haikuweza kuhama pamoja nayo.

Swali la pili: kwa bakteria gani?

Mwaka 1884 mganga wa Kidenmaki, Hans Christian Gram, alibuni njia ya kuwatia rangi bakteria, na kwa njia hiyo wakagawanyika makundi mawili. Wale wanaoishika rangi ya zambarau huitwa Gramu chanya. Wasioishika huitwa Gramu hasi. Tofauti si ya rangi tu. Bakteria wa Gramu hasi wana utando wa pili kwa nje, ambao huzuia vitu vingi vya mafuta visiufikie utando wa ndani. Kwa sababu hiyo asidi za mafuta, kwa jumla, huwashinda bakteria wa Gramu chanya kwa urahisi zaidi kuliko wale wa Gramu hasi.

Sasa tuwataje adui zetu wakubwa wa majini. Vibrio cholerae, aletaye kipindupindu, ni wa Gramu hasi. Salmonella Typhi, aletaye homa ya matumbo, ni wa Gramu hasi. Shigella, aletaye kuhara damu, ni wa Gramu hasi. Escherichia coli, ambaye kuwapo kwake ni dalili ya kinyesi katika maji, naye ni wa Gramu hasi. Silaha ya mwani basi ni butu zaidi mbele ya wale hasa ambao mnywaji wa maji ya pipa anapaswa kuwaogopa. Staphylococcus aureus, anayetajwa kwa fahari katika taarifa nyingi za utafiti wa mwani, ni wa Gramu chanya, na kwa kawaida hutusumbua kwa majipu na vidonda, si kwa maji ya kunywa.

Tena mwani waweza kuwa maskani ya bakteria badala ya kuwa kaburi lao. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walitoa taarifa kuhusu Cladophora, mwani wa kijani wenye nyuzi ndefu, unaojikusanya ufukoni mwa Ziwa Michigan. Ndani ya mafungu ya mwani huo waliwakuta E. coli kwa wingi, wakiwa wamepata kivuli, unyevu na chakula. Nchini Bangladesh, wachunguzi walionyesha kwamba bakteria wa kipindupindu huweza kuishi muda mrefu wakiwa wameambatana na viumbe vya kijani-buluu vya majini. Kipindupindu kimeirudia Tanzania mara nyingi tangu miaka ya 1970. Mwalimu asimwache mwanafunzi aondoke darasani akidhani kwamba rangi ya kijani ni ngao.

Swali la tatu: nani mwingine atakayedhurika?

Kuua bakteria si kazi ngumu. Moto huwaua, tindikali huwaua, mafuta ya taa huwadhuru. Kazi ngumu ni kuwaua bila ya kumdhuru mwenye kuwabeba. Kwa jambo hili wananchi wa Masasi na Newala hawahitaji mfano wa mbali, kwa sababu wanaishi katikati ya mikorosho.

Ganda la korosho lina utomvu mweusi unaochoma. Kila aliyebangua korosho kwa mkono anaujua, na wengi wana alama zake vidoleni. Ndani ya utomvu huo zimo asidi anakadiki, ambazo mkorosho huzijenga kwa kuanzia na asidi ya mafuta. Zina mkia mrefu wa kaboni kama asidi za mwani, ila vichwa vyao ni vya namna nyingine. Mwaka 1991 wachunguzi Himejima na Kubo walieleza uwezo wa asidi hizo wa kuwazuia bakteria, hasa wa Gramu chanya. Kwa kipimo cha maabara, basi, utomvu wa ganda la korosho ni kiuabakteria. Je, yuko mtu wa Newala atakayeutia katika maji ya kunywa ya mwanawe? Hayuko, kwa sababu ngozi yake imekwisha kumfundisha. Mwani hauchomi vidole, na upole huo wa sura ndio unaoweza kutudanganya.

Nao mwani wa kijani-buluu, ambao jicho haliwezi kuutofautisha na mwani wa kijani ukiwa pipani, ni hatari kwa njia yake. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazili, wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine walipata sumu ya viumbe hivyo iliyokuwa katika maji yaliyotumika, na zaidi ya 50 kati yao wakafariki. Maji ya mashine ya kusafishia damu hukutana na damu moja kwa moja, wala tusilinganishe hatari yake na ya kikombe cha maji. Hata hivyo somo liko wazi. Asiye na hadubini hawezi kujua ni ukijani gani ulio mbele yake, na ujuzi wa mmoja hauwezi kutumiwa kuwa dhamana ya mwingine.

Je, mabwawa ya majitaka?

Msomaji aliyesoma zaidi aweza kupinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema kwamba mwani hutumika kweli kusafisha maji: katika mabwawa ya kutibu majitaka, kama yale ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maji huwa ya kijani, na bakteria wa kinyesi hupungua sana kabla ya maji kutoka.

Ni kweli. Lakini tuangalie jinsi yanavyofanya kazi. Mabwawa ya hatua za mwisho huchimbwa mapana na yenye kina kifupi, ili jua lipenye. Maji hukaa humo siku nyingi. Mchana mwani huitumia kabonidayoksaidi iliyoyeyuka majini, na kiwango cha pH hupanda, pengine kupita 9. Hali kadhalika mwani hutoa oksijeni kwa wingi. Mwanga mkali, oksijeni nyingi na pH ya juu, vikiungana, huwadhoofisha na kuwaua bakteria wa matumbo. Mwani husaidia, lakini zaidi kwa kuyabadilisha mazingira, si kwa kumwaga dawa. Tena maji yatokayo humo hayanywewi. Pipa lililo uani lina kina kirefu kuliko upana wake, lina kivuli, na kila siku kata huingizwa humo na mkono. Halina masharti ya bwawa, kwa hiyo lisitarajiwe kutoa matokeo ya bwawa.

Mfuniko mmoja, faida mbili

Iko sababu nyingine, ya historia ya uwanda huu wenyewe, inayotufanya tusiyaachie maji ya akiba wazi. Mwaka 1952 ulizuka katika sehemu za Newala na Masasi ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo. Wenyeji waliupa jina la Kimakonde linaloeleza jinsi unavyomkunja mtu: chikungunya. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliandika taarifa zao mwaka 1955, na R. W. Ross, aliyekuwa Entebbe, akakipata kirusi chenyewe katika damu ya wagonjwa. Leo jina hilo la Kimakonde linatamkwa Asia, Amerika na Ulaya, kila ugonjwa unapofika. Mbu aliyehusishwa na mlipuko ule ni Aedes aegypti, ambaye hutaga mayai katika vyombo vya maji ya nyumbani. Na vyombo hivyo vilikuwa vingi kwa sababu ileile tuliyoanza nayo, yaani uhaba wa maji juu ya uwanda.

Kirusi si bakteria, na hata mwani ungekuwa na asidi za mafuta mara elfu, usingemzuia mbu kuambukiza chikungunya. Lakini mfuniko unaobana vizuri humnyima mbu mlango, na papo hapo huunyima mwani mwanga. Pasipo mwanga hakuna usanisinuru, na mwani haukui. Chombo kimoja cha bei ndogo hufanya kazi mbili. Pasipo na mfuniko, kitambaa kizito kilichofungwa vizuri mdomoni mwa pipa kitasaidia, na tangi la plastiki jeusi ni bora kuliko lenye kupitisha mwanga.

Maji ya kunywa na yaendelee kuchemshwa. Yakichemka kwa kububujika kwa dakika moja, bakteria tuliowataja hufa. Anayetumia dawa ya klorini ajue kwamba maji ya kijani yaachwe yatulie na yachujwe kwanza, kwa sababu mwani na masalia yake hula klorini kabla haijawafikia bakteria. Anayetumia chupa angavu juani kwa saa sita naye ayachuje mpaka yawe maangavu, kwa maana ukijani huzuia mionzi ya jua.

Mahali pa mwani ni maabara

Nimesema mwani uondolewe pipani; sikusema uondolewe shuleni. Shule nyingi hulalamika kwamba hazina vifaa vya sayansi, na mara nyingi malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini mwani ni kifaa kisichonunuliwa, na walimu wanaweza kuanza na majaribio haya.

La kwanza ni la mwanga. Jaza maji yaleyale ya kijani katika chupa mbili angavu. Moja ifunge kabisa kwa kitambaa cheusi, iwe chupa ya kulinganishia. Ziweke zote nje tangu alfajiri. Alfajiri, adhuhuri na saa tisa alasiri, chota maji kidogo kutoka kila chupa, utie katika neli ya kioo matone mawili ya finofthalini. Kiashirio hicho hakina rangi mpaka pH ipite 8 na kidogo, ndipo huwa cha waridi. Maji ya mvua hayana chumvichumvi nyingi za kuzuia badiliko, hivyo huenda alasiri rangi ikatokea katika chupa iliyopata jua, na isitokee katika ile ya giza. Asubuhi ya pili, baada ya usiku wa kupumua bila kufanya usanisinuru, rangi isionekane tena. Isipotokea hata kidogo, wanafunzi watafute sababu: je, mwani ni mchache, je, palikuwa na mawingu, je, maji yalitoka kisimani? Jaribio lisilotoa jibu lililotarajiwa bado ni jaribio.

La pili ni la mfuniko. Weka ndoo mbili za maji ya mvua, moja chini ya mfuniko, nyingine chini ya wavu mzito unaozuia mbu lakini unaopitisha mwanga. Andika kila siku rangi ya maji, kwa muda wa mwezi mmoja. La tatu ni la hadubini: chora seli zilizomo katika tone moja, uzihesabu, uandike tarehe na mahali maji yalipotoka. Maji ya majaribio yamwagwe, yasinywewe. Na bakteria wa maradhi wasioteshwe shuleni kwa hali yoyote. Kazi hiyo ni ya maabara zenye vyumba na watu waliofunzwa.

Daftari za namna hiyo, zikitunzwa kwa miaka kadhaa katika shule za Newala, Kitangari, Ndanda, Chidya na Masasi mjini, zitakuwa na thamani kwa vyuo vikuu vyetu. Mtafiti anayetafuta mwani wenye asidi za mafuta zenye nguvu lazima aanze kwa kujua ni miani ipi inayoota, wapi, na majira gani. Sioni sababu ya miani ya matangi ya Newala kuelezwa kwanza na mgeni. Kama dawa itapatikana humo siku moja, itapatikana kwa kuvunwa, kukamuliwa, kupimwa na kujaribiwa kwa uangalifu, hatua kwa hatua, mpaka maswali yetu matatu yamepata majibu.

Kabla ya siku hiyo, mwanafunzi anayefahamu kwamba mwani wa kijani huua bakteria, na ambaye bado anafunika pipa la nyumbani na kuwachemshia maji wadogo zake, ndiye aliyeelewa somo. Anayelijua la kwanza tu amejifunza nusu, na nusu hiyo yaweza kumgharimu mtu uhai wake.